Droni ya Ipogolo na hataza ya Marekani: anza na tarehe, barua baadaye

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwandishi wa redio ya jamii hapa Iringa. Kuna fundi kijana wa Ipogolo aliyetengeneza mkono wa droni ya kupulizia dawa mashambani. Droni ikikaribia kutua, mkono na mrija wa dawa vinajikunja vyenyewe, kwa hiyo haivunjiki hata ikitua kwenye mteremko. Aliionesha Nane Nane ya Mbeya mwaka 2019. Sasa ameandikiwa na wanasheria wa kampuni moja ya Marekani kwamba anatumia uvumbuzi wenye hataza yao, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuutumia, aache mara moja. Hataza hiyo iliombwa mwaka 2021. Fundi anakumbuka kwamba watu wa kampuni hiyo waliwahi kufika karakana yake wakiwa kwenye mradi uliolipiwa na serikali ya Marekani. Nimesikia kwamba mtu yeyote anaweza kuiandikia serikali ya Marekani akaomba nyaraka. Ni kweli? Na hapa kwetu je? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kamwene, na pole kwa fundi wetu.

Ni kweli. Marekani wana sheria ya uhuru wa habari, wenyewe wanaiita FOIA, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai 1966. Sheria hiyo inampa haki ya kuomba nyaraka za serikali kuu yao mtu yeyote, bila kujali uraia wake. Unaweza kukaa Ipogolo na simu yako ukaiandikia NASA, shirika lao la anga, na wanawajibika kukujibu. Sheria yetu, yaani Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, imefungwa kwa raia wa Tanzania tu. Wewe ni raia, kwa hiyo milango yote miwili iko wazi kwako.

Lakini nakuomba wiki hii usiandike barua yoyote. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kosa lililonigharimu zaidi ni kuandika mapema. Niliwahi kufuatilia mgogoro wa mashine ya kukoboa, nikaiandikia ofisi moja ya umma kuomba “nyaraka zote zinazohusu” mashine ile. Nilikaa miezi nikisubiri, halafu nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba ombi halikubainisha taarifa inayotakiwa. Nikarudi kwenye karatasi nilizokuwa nazo, nikakuta moja inataja barua ya ofisi ileile kwa kumbukumbu namba na tarehe. Niliomba barua hiyo moja, na ndani ya wiki mbili nilikuwa na kopi yake mkononi. Ofisi ilikuwa ileile na karani wa masijala yuleyule. Mtu wa masijala hawezi kukutafutia ukweli, ila faili anaweza kukutafutia. Kwa hiyo omba karatasi ambayo tayari unajua ipo, na kazi yako ya sasa ni kuzijua karatasi hizo.

Kabla ya hapo, tumwondolee fundi hofu ili apate usingizi. Hataza ina mipaka kama shamba. Hataza iliyotolewa Marekani inamzuia mtu kutengeneza, kutumia au kuuza Marekani, au kuingiza bidhaa huko. Haimzuii mtu wa Ipogolo kupulizia dawa shamba la viazi Tanzania. Ili kampuni hiyo iwe na nguvu hapa, lazima iwe na hataza inayotambuliwa Tanzania, ama kupitia BRELA, ofisi yetu ya usajili, ama kupitia ARIPO, shirika la Afrika la miliki bunifu lenye makao yake Harare, kwa ombi lililoitaja Tanzania. Mwombaji aliyeanzia Marekani hupewa miezi 12 kuomba nchi nyingine akiishikilia tarehe yake ya kwanza, au akipitia mkataba wa kimataifa wa ushirikiano wa hataza huingia nchi moja moja ndani ya miezi 30 au 31. Hesabu mwenyewe kuanzia 2021. Kama hawakuingia hapa, muda umepita. Andika BRELA, andika ARIPO, uulize kwa namba ya hataza ile na kwa jina la kampuni kama kuna ombi au hataza ya Tanzania. Hilo ni swali la rejesta, na rejesta ipo ili watu waisome. Huhitaji kutaja haki ya kikatiba wala kueleza unataka kufanyia nini.

Kama jibu ni hapana, barua ya wanasheria wale haimzuii fundi kuendelea na kazi hapa nchini. Ampelekee wakili wa hapa aithibitishe, halafu arudi kazini. Inabaki habari yako wewe, nayo ni kubwa: uvumbuzi huu ulianza wapi, na fedha za nani zilitumika?

Sasa ifungue hataza yenyewe. Zote za Marekani zinasomeka bure mtandaoni, kupitia Google Patents au Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Ukurasa wa kwanza una namba ndogo ndani ya mabano. Tafuta 22, hiyo ni tarehe ya kuomba. Halafu tafuta 60, maana hapo ndipo huandikwa ombi la awali, ambalo linaweza kuwa limetangulia kwa hadi mwaka mzima. Namba 56 ni orodha ya maandiko yaliyotazamwa na mkaguzi wa hataza. Ukikuta namba 60, 2021 yako inaweza kugeuka 2020, na tarehe ya kushindana nayo ni ile ya mwanzo kabisa. Nimeona watu wakijenga hoja nzima juu ya tarehe iliyoko kwenye 22, ikaja kuanguka kwa sababu hawakushuka mistari michache chini.

Ukimaliza tarehe, nenda mwisho wa waraka kwenye madai, zile sentensi ndefu zenye namba 1, 2, 3. Usilinganishe michoro. Hataza hulinda kilichoandikwa kwenye madai, na dai huvunjwa pale tu kila sehemu yake inapokuwepo kwenye kifaa chako. Kaa na fundi, likate dai la kwanza vipande vipande, mwulize kwa kila kipande: hiki unacho? Dai likisema mkono hukunjwa na mota inayopokea amri ya kitambuzi cha mwinuko, na wa fundi unakunjwa na springi tu, basi mna vitu viwili tofauti na huenda hakuna mgogoro wowote. Nakuomba ufanye hivyo kabla hujasema hewani kwamba vinafanana.

Halafu kuna jalada. Kila hataza iliyotolewa Marekani ina faili la mazungumzo yote kati ya mwombaji na mkaguzi: alivyokataliwa, alivyojitetea, maneno aliyoongeza ili akubaliwe. Liko wazi kwenye mfumo wa ofisi yao ya hataza uitwao Patent Center. Wengi hawajui, wanaandika barua za FOIA kuomba kitu kilichowekwa wazi tayari. Na huko ndani watu husema mambo ambayo baadaye wangetamani wasingeyasema. Mwombaji anayemwambia mkaguzi “chetu si springi, ni mota” ili apite, hawezi kugeuka kesho akamshtaki mwenye springi.

Migogoro ya vyombo vya anga inaonesha jinsi majalada haya ya wazi yanavyotosha. Machi 2014 kampuni ya Blue Origin ilipewa hataza namba 8,678,321 ya kutua kwa roketi juu ya jukwaa baharini. SpaceX, waliokuwa wanajiandaa kufanya jambo hilohilo, walifungua pingamizi Agosti mwaka huo mbele ya bodi ya usikilizaji na rufaa ya ofisi ya hataza. Silaha yao kubwa ilikuwa makala ya kitaalamu ya mwaka 1998 ya Mjapani Yoshiyuki Ishijima na wenzake, iliyoeleza roketi inavyoweza kurudi na kutua wima baharini. Machi 2015 bodi ilikubali kusikiliza pingamizi juu ya madai 13 kati ya 15. Mwaka huohuo Blue Origin wenyewe wakaomba madai hayo 13 yafutwe. Kila karatasi ya shauri lile inasomeka hadharani. Makala iliyokuwa imelala miaka zaidi ya kumi iliangusha hataza ya tajiri, kwa sababu ilikuwa imechapishwa na ilikuwa na tarehe.

Shika maneno hayo mawili, imechapishwa na ina tarehe, kwa sababu hapo ndipo Nane Nane ya fundi wako inapoingia, na hapo pia ndipo pana mtego.

Tangu tarehe 16 Machi 2013, sheria ya Marekani inahesabu matumizi ya hadharani yaliyofanyika popote duniani. Kabla ya hapo, kitu kilichooneshwa nje ya Marekani bila kuchapishwa kilikuwa hakihesabiki kwao. Leo banda la viwanja vya John Mwakangale pale Uyole ni mahali halali pa kuua hataza ya Marekani, ikiwa watu waliona kifaa kikifanya kazi kabla ya tarehe ya ombi. Hilo linanifurahisha kila ninapolifikiria, maana kwa miongo mingi vya mafundi wetu vilikuwa kama havikuwahi kuwepo.

Mtego ni kwamba njia nafuu ya kupinga, ile waliyotumia SpaceX, inapokea hataza na maandiko yaliyochapishwa tu. Haipokei ushahidi wa “tuliona kwa macho”. Maonesho yenyewe, bila karatasi, yanaweza kutumika mahakamani, au katika pingamizi linalofunguliwa ndani ya miezi 9 tangu hataza itolewe, na njia zote mbili zinataka fedha ambazo fundi wa Ipogolo hana. Kwa hiyo usitafute watu wanaokumbuka tu. Tafuta kilichochapishwa: brosha ya maonesho, kipeperushi cha banda, habari ya gazeti, orodha ya washiriki iliyogawiwa kwa wageni, video iliyowekwa wazi mtandaoni Agosti 2019. Nenda maktaba ya mkoa, uliza magazeti ya Agosti mwaka ule, hasa kurasa za mikoani. Mwulize fundi alichapisha vipeperushi wapi, na kama mwenye steshenari bado ana faili kwenye kompyuta yake. Redio yenu kama mlimhoji siku ile, sauti ya hewani pekee haitasaidia kwenye njia ile nafuu. Ila kama habari iliwekwa pia kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni, piga picha ukurasa huo leo, tarehe yake ionekane.

Na ukikipata, kuna njia ambayo ni ya mtu yeyote. Kifungu cha 301 cha sheria yao ya hataza kinamruhusu mtu yeyote, wakati wowote, kupeleka hataza au maandiko ya zamani yawekwe kwenye jalada la hataza inayohusika, pamoja na maelezo ya jinsi yanavyogusa madai. Anaweza hata kuomba jina lake lisitajwe. Hilo peke yake halifuti hataza, lakini linabaki pale, na kila atakayetaka kuinunua au kuitumia kutishia wengine atalikuta.

Hapa sasa ndipo sheria yetu ya 2016 inapofaa. Maonesho ya Nane Nane huacha karatasi serikalini. Halmashauri hulipia mabanda, maafisa huandika taarifa baada ya kufunga, washindi hupewa vyeti, na mialiko ina kumbukumbu namba. Katiba ibara ya 18 inakupa haki ya kutafuta na kupokea habari, kifungu cha 5 cha sheria kinaithibitisha, na vifungu vya 10 na 11 vinaweka njia yake: ombi la maandishi, jina lako na anwani, maelezo yanayotosha kwa afisa taarifa kuitambua karatasi, na jibu ndani ya siku 30. Andika kifupi, kwa mfano hivi:

“Kwa mujibu wa kifungu cha 5 cha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya orodha ya washiriki wa banda la Halmashauri katika maonesho ya Nane Nane yaliyofanyika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, Agosti 2019, pamoja na taarifa ya maonesho iliyoandikwa baada ya kufungwa. Iwapo sehemu yoyote ya waraka haiwezi kutolewa, naomba nipewe sehemu iliyobaki, na sababu ya kuzuia nielezwe kwa maandishi.”

Peleka kwa mkono, nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 30 huhesabiwa kutoka kwenye muhuri huo, na ukikataliwa utaanzia hapo kuomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi, kisha kwa waziri mwenye dhamana. Usiipeleke kwa WhatsApp ya mtu unayemfahamu pale ofisini, hata kama ni rafiki. Yeye akihamishwa Tunduma, na barua yako imehama naye.

Kuna jambo moja nakuomba ulizungumze na fundi kabla hujagusa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Droni hapa nchini inahitaji kibali. Kama alirusha bila kibali mwaka 2019, ombi lako kwa TCAA la kutafuta ushahidi wa tarehe linaweza kumwonesha yeye mwenyewe kwa mamlaka. Kama alikuwa na kibali, karatasi hiyo ni dhahabu, kwa sababu inataja chombo, tarehe na mahali. Uamuzi ni wake. Wewe una habari ya kutangaza, lakini yeye ana riziki ya kulinda.

Unapopanga maombi ya Marekani, nataka uwe na picha moja kichwani, na ni ya zamani kuliko droni zote. Ndugu Wright walipewa hataza yao namba 821,393 tarehe 22 Mei 1906, na Januari 1914 mahakama ya rufaa ikawapa ushindi dhidi ya Glenn Curtiss, mtengenezaji mwingine wa ndege. Curtiss alihitaji kuonesha kwamba ndege nyingine ingeweza kuruka kabla ya yao. Taasisi ya umma ya Smithsonian ilikuwa na ndege ya aliyewahi kuwa katibu wake, Samuel Langley, iliyoanguka mtoni mara mbili mwaka 1903, tarehe 7 Oktoba na 8 Desemba, siku chache kabla ya ndugu Wright kuruka tarehe 17 Desemba. Mwaka 1914 Smithsonian ikamkabidhi Curtiss ndege hiyo pamoja na dola 2,000 airushe. Akaibadilisha sehemu nyingi, ikaruka vipande vifupi juu ya ziwa pale Hammondsport, na taasisi ikautangazia ulimwengu kwamba ndege ya Langley ndiyo ya kwanza iliyokuwa na uwezo wa kuruka na mtu. Msimamizi aliyewekwa na taasisi kutazama majaribio, Albert Zahm, alikuwa pia shahidi wa Curtiss kwenye kesi ya hataza.

Orville Wright alilalamika miaka mingi. Mwaka 1928 aliipeleka ndege yake London, kwenye jumba la makumbusho la sayansi, kwa sababu nchini kwake haikuheshimiwa. Ilichukua mpaka 1942 kwa Smithsonian kuchapisha orodha ya mabadiliko yaliyofanywa na Curtiss, yakiwa yamepangwa sambamba na ndege ya awali, na ndege ya Wright ikarudi Marekani mwaka 1948, ikawekwa Washington. Fikiria mtu angekuwa na haki ya kuomba nyaraka mwaka 1914. Angehitaji karatasi tatu tu: makubaliano ya zile dola 2,000, orodha ya sehemu zilizobadilishwa, na barua ya kumteua msimamizi. Kazi iliyolipiwa na umma huacha karatasi za namna hiyo siku zote, yaani fedha, taarifa ya kazi na jina la aliyesimamia. Ndizo utakazoomba.

Kwa hiyo anza na fedha. Mradi uliowaleta watu wale Iringa, kama ulilipiwa na serikali kuu ya Marekani, una uwezekano mkubwa wa kuonekana kwenye tovuti yao ya matumizi, USAspending, ambapo ruzuku na mikataba huwekwa wazi kwa jina la mpokeaji, kiasi, tarehe na namba ya tuzo, yaani namba ya ruzuku au mkataba wenyewe. Chukua namba hiyo, ndiyo kumbukumbu namba yako. Kisha rudi kwenye hataza, mwanzoni mwa maelezo, uone kama kuna sentensi inayosema uvumbuzi ulifanyika kwa msaada wa serikali. Sheria yao ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 inamtaka mpokeaji wa fedha za serikali aripoti uvumbuzi uliotokana nazo na aandike sentensi hiyo kwenye hataza, na inaipa serikali leseni ya kuutumia bila malipo. Kwa fedha za NASA kuna sheria ya tangu 1958 inayoipa NASA yenyewe umiliki wa uvumbuzi katika mikataba yake na makampuni makubwa mpaka iamue kuuachia. Kama mradi uliwalipa kubuni mkono wa droni, na hataza haina sentensi hiyo, una swali zito la kuwauliza.

Hapo sasa ndipo unaandika. Hakuna ofisi moja ya FOIA, kila wakala una yake, na tovuti ya foia.gov itakuonesha mlango sahihi. Andika kwa Kiingereza chepesi, ukitaja namba ya tuzo, na uombe vitu viwili tu: makubaliano ya ruzuku, na taarifa za maendeleo zilizowasilishwa kati ya tarehe fulani na fulani. Usiombe taarifa ya uvumbuzi iliyopelekwa chini ya Bayh-Dole, wala ya jinsi hataza inavyotumiwa, maana sheria ile inaruhusu hizo zizuiwe, na ukiziweka kwenye ombi moja zitachelewesha zile zinazotoka. Taarifa ya maendeleo ndiyo inayosema “tulitembelea karakana Iringa, tukaona hiki”, kama ziara ile iliandikwa.

Jitambulishe kuwa mwandishi wa habari. Mwandishi halipii muda wa kutafuta, hulipia kopi tu baada ya kurasa 100 za kwanza. Hata wasipokubali kwamba wewe ni mwandishi, mwombaji wa kawaida ana saa mbili za kutafutiwa na kurasa 100 bure. Andika pia kiwango ambacho hutazidisha bila kuulizwa, kwa mfano dola 25. Sheria inasema watajibu ndani ya siku 20 za kazi. Jipange kwa miezi.

Watakapojibu, utaona mistari meusi. Zuio la nne la sheria yao hulinda siri za biashara na taarifa za kifedha au kibiashara zilizotolewa kwa siri, na mwaka 2019 Mahakama yao ya Juu ililipanua katika kesi ya gazeti la Argus Leader. Kwetu pia kifungu cha 6 kinalinda maslahi halali ya kibiashara. Usikasirike, jibu kwa akili: sheria yao inawalazimu kutoa kila sehemu inayoweza kutenganishwa na ile inayozuiwa. Michoro wakae nayo. Wewe unahitaji tarehe, mahali na majina ya taasisi, na hizo si siri ya biashara ya mtu. Una siku zisizopungua 90 za kukata rufaa ndani ya wakala, bila ada na bila wakili, na kuna ofisi ya usuluhishi iliyoko kwenye Nyaraka za Taifa lao inayosaidia waombaji bure. Rufaa ya ukurasa mmoja inayosema “tarehe iliyo juu ya ukurasa wa tatu si siri ya biashara” ina nafasi nzuri kuliko kurasa kumi za malalamiko.

Mfano wa karibu wa njia hizi mbili zikifanya kazi pamoja ni hataza za Salvatore Pais wa jeshi la wanamaji la Marekani, mojawapo ikiwa ya chombo kinachodaiwa kupunguza uzito wake chenyewe, iliyotolewa Desemba 2018. Waandishi walianza na jalada la wazi, wakakuta barua ya ofisa wa jeshi la wanamaji akimtetea mvumbuzi kwa mkaguzi. Barua ile iliwapa cha kuomba. Kupitia FOIA wakapata taarifa za majaribio ya miaka mitatu, kati ya 2016 na 2019, yaliyogharimu takriban dola 508,000 na kushindwa kuthibitisha kile kilichodaiwa.

Nimebakiza jambo moja, nalo nalisema kwa uzito wote. Usiseme hewani kwamba wameiba. Watu wawili wanaweza kubuni mkono uleule, mmoja Ipogolo na mwingine Ohio, bila kuonana, kwa sababu mteremko ni mteremko na droni huvunjika kila mahali. Ziara ile ya karakana ikithibitishwa inaonesha kwamba walipata nafasi ya kuona, haioneshi kwamba walinakili. Waulize kampuni kwa maandishi, wape muda wa kujibu, na jibu lao ulisome lilivyo. Karatasi utakayopata hapa kwetu iweke yote mtandaoni bila kukata, maana sheria ya 2016 ina adhabu kwa anayepotosha taarifa aliyopewa, na kinga yako ni msomaji kuiona mwenyewe.

Kwa hiyo wiki hii, kaa na fundi na dai la kwanza, na umwombe atafute kipeperushi chochote cha 2019. Kisha niandikie unijulishe tarehe iliyo kwenye namba 22, kama kuna namba 60, na kama mkono wake unakunjwa kwa mota au kwa springi. Nikishajua hayo matatu, tutakaa tuandike barua ya kwanza pamoja.